Jua namna mmea unavyotambaa kabla ya kuujengea egemeo

MIMEA ya kutambaa imekuwa pambo na chakula katika maboma mengi nchini kwa muda mrefu. Bogenvilia hufunika kuta za mawe jijini Nairobi, makarakara hutanda juu ya nyaya katika mashamba ya Kati na Bonde la Ufa, nayo asumini hunukia mbele ya nyumba za Mombasa na Lamu.

Hata hivyo, si nadra kuona kibanda cha kivuli kilichoinama upande mmoja, ua wa waya uliolala chini kwa uzito wa majani, au ukuta uliobambuka rangi baada ya mmea kung'olewa. Aghalabu kosa huwa si la fundi aliyejenga wala la muuzaji wa miche. Mwenye bustani alivutiwa na maua, akanunua mche, kisha ndipo akaanza kutafuta mahali pa kuuegemeza.

Utaratibu unaofaa ni kujibu maswali matatu kabla ya kununua chochote. Mmea unajishikilia kwa kiungo gani? Utakuwa na uzito gani ukikomaa? Utaishi miaka mingapi ukilinganishwa na egemeo lake? Anayepata majibu ya maswali haya huokoa gharama ya mbao, saruji na waya, na pia hujiepusha na ajali.

Namna nne za kupanda juu

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alichapisha mwaka 1865 utafiti mrefu kuhusu mwendo wa mimea ya kutambaa. Utafiti huo ulitolewa upya kama kitabu mwaka 1875. Darwin aliigawa mimea hiyo kulingana na kiungo inachotumia kujishikilia, na mgawanyo wa aina hiyo ungali unamfaa mkulima wa leo.

Kundi la kwanza ni la mimea inayojiviringisha kwa shina lake lote. Humo mna maharagwe marando, njahi za kutambaa, viazi vikuu na thunbajia. Ncha ya shina huzunguka hewani polepole hadi ikutane na kitu, kisha hukizinga na kupanda juu.

Mimea ya kundi hili huhitaji egemeo jembamba lililosimama wima, kama vile kijiti, kamba au waya. Shina la maharagwe haliwezi kuizinga nguzo nene ya ua. Huteleza na kurundikana chini hata kama nguzo yenyewe ni imara. Anayetaka kutumia nguzo nene yafaa aizungushie kamba au waya kwanza.

Jambo jingine ni kwamba kila aina huzunguka upande wake. Mingi, yakiwemo maharagwe, huzunguka kinyume cha mishale ya saa mtu anapoitazama kutoka juu. Mkulima akiisaidia kwa kuizungusha upande usio wake, shina hujifungua lenyewe na kuanza upya.

Kundi la pili ni la mimea yenye vikono. Vikono ni nyuzi laini zinazochomoza kwenye shina na kujikunja kama springi zikigusa kitu. Makarakara, zabibu, matango, madodoki, karela, mung'unye na minji vimo katika kundi hili.

Vikono ni vifupi na vyembamba, hivyo haviwezi kushika kitu kinene. Egemeo lake linafaa kuwa na unene usiozidi ule wa penseli. Waya, wavu wa nailoni na matawi makavu yenye vitawi vingi vinatosha. Ukuta mtupu au ubao mpana hauna faida kwa mmea wa aina hii.

Kundi la tatu hushika kwa mizizi midogo inayochipuka kwenye shina. Pilipili manga, mtambuu, vanila na ule mtini mdogo wa ukutani ambao wataalamu huuita Ficus pumila ni mifano yake. Mimea hii haihitaji kamba wala waya. Inachotaka ni kitu chenye uso wa kukwaruza, kama vile gome la mti au jiwe lisilopakwa rangi.

Kundi la nne ni la mimea ambayo kwa kweli haishiki chochote. Bogenvilia, waridi la kutambaa, alamanda na asumini hurefusha matawi na kuyalaza juu ya mimea mingine. Bogenvilia na waridi hutumia miiba kama ndoana ili zisiteleze. Katika bustani isiyo na miti ya kuegemea, mimea hii haina budi kufungwa kwa mkono wa binadamu, tawi baada ya tawi.

Ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba bogenvilia yao "imekataa kupanda" kwenye tao. Haikukataa. Kwa umbile lake ni kichaka kirefu chenye miiba, na bila kufungwa hurudi kuwa kichaka.

Uzito na nguvu ya upepo

Mche ulio kwenye mfuko wa plastiki hauonyeshi uzito utakaokuwa nao baada ya miaka mitano. Nchini Kenya tatizo hili ni kubwa kuliko katika nchi zenye majira ya baridi kali. Mimea mingi hapa hukua mwaka mzima bila kupumzika, hivyo vipimo vinavyochapishwa katika vitabu vya Ulaya mara nyingi hupitwa.

Uzito wa mmea si wa shina na majani pekee. Mvua kubwa inaponyesha, maji hubaki juu ya majani na kuongeza mzigo. Upepo nao hulisukuma pazia la majani kama unavyolisukuma tanga la jahazi. Egemeo lililosimama imara wakati wa kiangazi linaweza kung'oka usiku mmoja wa masika, udongo ukiwa umelainika.

Kwa hiyo nguzo ifukiwe ardhini kwa kiasi cha robo hadi theluthi moja ya urefu wake. Nguzo ya mita 2.7 ikifukiwa sentimita 70 hubakisha mita 2 juu ya ardhi, kimo kinachotosha mimea mingi. Nguzo za mwishoni mwa safu ndizo hubeba mvuto wa waya wote, na zinafaa kuungwa mkono kwa mhimili wa kuegemea au waya uliofungwa kwenye kigingi.

Matunda pia hupimwa. Mung'unye na madodoki huning'inia na kuvuta wavu chini, na tunda kubwa huweza kuhitaji kufungiwa kitambaa au wavu wake lenyewe ili lisikatike kikonyo.

Mfano uliokithiri ni kweme, mmea wa asili wa Afrika Mashariki unaojulikana sana katika sehemu za Kilimanjaro na Usambara nchini Tanzania. Tunda lake moja laweza kufikia kilo 15, na ndani yake mna mbegu za mafuta zinazoliwa. Mmea huu hupanda miti mirefu, na huweza kuuelemea na kuudhoofisha mti unaoubeba. Isitoshe, mmea dume na mmea jike ni mbalimbali, hivyo anayepanda mmoja tu huenda asione tunda kamwe. Kibanda cha mbao nyuma ya nyumba si mahali pa kweme.

Umri wa mmea na umri wa nguzo

Kanuni ya tatu husahaulika zaidi: mmea usiishi kuliko egemeo lake. Maharagwe marando na minji humaliza kazi yake kwa msimu mmoja. Vijiti vya kawaida au mabua makavu vinavitosha, na vikioza hakuna hasara.

Makarakara huzaa kwa miaka michache, kwa kawaida mitatu hadi mitano mahali yanapotunzwa vyema. Mzabibu na bogenvilia huishi kwa makumi ya miaka. Nguzo ya mti laini usiotiwa dawa huweza kutafunwa na mchwa kabla makarakara hayajamaliza muda wake, sembuse bogenvilia.

Nguzo ikiharibika mmea ukiwa umekomaa, mkulima hulazimika kuukata mmea wote au kujenga upya katikati ya miiba. Kwa mimea ya miaka mingi, bora kutumia nguzo za mutarakwa, za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, za mabomba ya chuma au za zege. Waya nao uwe umepakwa zinki usishike kutu.

Desturi ya kupaka nguzo oili chakavu ya magari ili kuzuia mchwa haifai karibu na mimea ya kuliwa. Oili hiyo huwa na metali nzito na hupenya udongoni. Njia salama zaidi ni kuiweka nguzo juu ya kikalio cha chuma kilichochimbiwa katika saruji, ili mbao zisiguse udongo.

Kimo cha mahali na upande wa jua

Baada ya kujibu maswali hayo matatu, mkulima huangalia hali ya hewa. Makarakara ya zambarau hustawi katika nyanda za juu, takriban mita 1,200 hadi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Yale ya manjano hupenda joto la Pwani na sehemu nyingine za chini.

Tofauti hiyo haiishii kwenye joto. Ua la makarakara ya zambarau huweza kujichavusha, na hata mmea mmoja huzaa. Makarakara ya manjano hayawezi kujichavusha. Anayeishi Kilifi au Kwale akipanda mmea mmoja wa manjano ataona maua mengi na matunda haba au asione kabisa. Anapaswa kupanda angalau miwili iliyotokana na mbegu tofauti.

Uchavushaji wa makarakara hayo hufanywa hasa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu. Wenye nyumba wengi huwaua wakidhani ni waharibifu tu. Gogo kavu likiachwa pembeni mwa bustani huwapa makao, na mihimili ya kibanda husalimika kwa kiasi fulani.

Makarakara ya zambarau nayo hushambuliwa na ugonjwa wa mnyauko unaotokana na kuvu wa Fusarium waishio udongoni. Ndiyo sababu miche mingi huandaliwa kwa kupandikiza kikonyo cha zambarau juu ya shina la manjano, ambalo hustahimili ugonjwa huo. Mnunuzi aulize kitaluni iwapo mche umepandikizwa, na atazame alama ya kiungo karibu na ardhi.

Bogenvilia hutaka jua tele na maji kidogo. Katika sehemu zenye baridi na ukungu kama Limuru hukua polepole na kutoa maua machache kuliko Mombasa au Machakos. Kile kinachoitwa maua yake kwa hakika ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni dogo jeupe lililo katikati. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, na ulipewa jina la Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeongoza safari ya kuzunguka dunia kati ya 1766 na 1769.

Kuhusu jua, ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba mimea ya joto iwekwe kwenye ukuta unaotazama kusini haufuatiki hapa. Kenya imekatwa na Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua huwa upande wa kaskazini, na miezi inayosalia huwa upande wa kusini. Ukuta wa kusini na ule wa kaskazini hupokezana jua na kivuli kila nusu mwaka.

Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na ule wa magharibi hupata jua kali la alasiri. Kibanda cha kivuli kinachokusudiwa kupoza nyumba kinafaa kuwekwa upande wa magharibi. Mimea inayopenda kivuli, kama vanila, mtambuu na pilipili manga, isiwekwe huko bila mti wa kuikinga.

Egemeo lililo hai

Si lazima kila egemeo liwe la mbao au chuma. Visiwani Zanzibar, pilipili manga hupandishwa juu ya miti iliyo hai. Nchini Uganda, hasa sehemu za Mukono, wakulima wa vanila hupanda mibono na miti mingine midogo kuwa maegemeo, na miti hiyo hutoa pia kivuli.

Egemeo lililo hai haliozi wala haliliwi na mchwa kwa urahisi. Lakini linahitaji kupogolewa mara kwa mara, la sivyo hukua likamwacha mkulima chini akitazama pilipili juu. Mti unaochaguliwa uwe na gome la kukwaruza, mizizi isiyopora maji yote na majani yasiyoziba mwanga wote.

Anayetaka vanila ajue pia kwamba mmea huu una kazi nyingi. Ua lake hufunguka kwa siku moja tu, na nje ya Meksiko na nchi jirani halina mdudu wa kulichavusha kwa uhakika. Mbinu ya kulichavusha kwa mkono iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Reunion na Edmond Albius, kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12. Hadi leo mashamba ya vanila hutegemea mbinu hiyo. Kwa hiyo egemeo lisizidi kimo cha mkono wa mtu aliyesimama, kwani ua lisilofikiwa halizai.

Nchini Rwanda, maharagwe marando yalienea sana tangu miaka ya 1980 kwa sababu hutoa mavuno makubwa katika shamba dogo kuliko maharagwe ya kawaida. Kikwazo kikuu kimekuwa uhaba wa vijiti. Wakulima hutumia mabua ya matete na matawi ya miti inayopandwa mipakani mwa shamba. Mkulima wa Kenya mwenye kaliandra au miti kama hiyo kwenye kingo za shamba anaweza kufanya vivyo hivyo bila kununua hata kijiti kimoja.

Hatari kwa watoto na kwa jirani

Uzuri wa mmea haumaanishi usalama wake. Mtipitipi, unaotambaa kwenye vichaka vya Pwani, huzaa mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Mbegu hizo zina sumu kali, na chache tu zikitafunwa huweza kuua.

Mmea uitwao Gloriosa superba, wenye maua mekundu na manjano yanayofanana na ndimi za moto, humea wenyewe katika sehemu nyingi za Kenya. Una sumu kutoka ncha hadi mzizini, na viazi vyake huweza kudhaniwa kuwa viazi vya kuliwa. Usipandwe karibu na viazi vikuu wala mahali watoto wanapochezea.

Utomvu wa alamanda huwasha ngozi, na mtu anayeipogoa yafaa avae glavu. Upupu nao hauhitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuguswa na maganda yake.

Kuna pia mimea inayovuka mipaka. Nchini Marekani, mmea wa kudzu kutoka Asia Mashariki ulionyeshwa katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, na baadaye ukapendwa kwa kuweka kivuli kwenye baraza za nyumba. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali iliwahimiza wakulima waupande kuzuia mmomonyoko wa udongo, na ikawalipa hadi dola 8 kwa ekari. Hatimaye ulifunika miti, majengo na mashamba katika majimbo ya kusini, na ukahesabiwa kuwa gugu.

Mmea wa Marekani ya kitropiki wenye maua ya manjano na vikono mithili ya makucha ya paka, ambao wataalamu huuita Dolichandra unguis-cati, umekuwa gugu nchini Australia na Afrika Kusini. Hushikilia miti na kuta, huacha viazi vidogo ardhini na huchipuka tena baada ya kukatwa. Kabla ya kuununua kwa ajili ya rangi yake, mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 afikirie jirani anayepakana naye.

Kwa anayetaka maua bila hofu hiyo, thunbajia ya rangi ya machungwa yenye jicho jeusi ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Ni mwepesi na hutosheka na kamba. Huku kwao una wadudu na maradhi yanayoupunguza, lakini katika visiwa vya Hawaii na sehemu za Australia umegeuka gugu. Ni funzo kwamba mmea mpole nyumbani waweza kuwa mharibifu ugenini, na kinyume chake.

Mwisho, mmea wowote usiachwe ufikie nyaya za umeme, mifereji ya paa au nafasi iliyo chini ya vigae. Majani yakiziba mifereji, maji hurudi ndani ya nyumba. Kwenye ukuta wenye nyufa, mizizi ya kundi la tatu hupenya na kuzipanua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ina maana yake halisi.

Muhtasari wa maegemeo

Ua wa waya: Unafaa mimea ya vikono na ile ya kujiviringisha iliyo myepesi, kama vile makarakara, karela na thunbajia. Bogenvilia huulemea waya isipokuwa nguzo ziwe za chuma au zege na mmea upogolewe kila mwaka.

Nyaya za shambani: Kwa makarakara, waya wa geji 14 uliopakwa zinki huvutwa juu ya nguzo kwa kimo cha takriban mita 2. Mche huongozwa kwa kamba hadi kwenye waya huku matawi ya pembeni yakiondolewa. Ukifika juu, huachiwa matawi mawili yaelekee pande mbili za waya.

Tao la njiani: Liwe na upana wa angalau mita 1.2 ili mtu apite bila kuchomwa. Mimea isiyo na miiba, kama thunbajia au asumini iliyofungwa, ni bora kuliko waridi mahali wanapopita watoto.

Kibanda cha kivuli: Kimo cha mita 2.4 huruhusu matawi na matunda kuning'inia bila kumgusa mtu. Mzabibu hufaa sehemu kavu zenye jua, kama inavyoonekana katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania. Makarakara hufaa panapotakiwa kivuli cha haraka. Bogenvilia hufaa pale tu ambapo nguzo ni nene na zimeshikwa na saruji.

Ukuta wa nyumba: Usipandishiwe moja kwa moja mmea wa mizizi ikiwa umepakwa rangi au plasta yake ni dhaifu. Njia bora ni kufunga fremu ya waya iliyoachana na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10. Hewa hupita, ukungu hupungua, na fremu huweza kuondolewa ukuta unapopakwa rangi upya.

Nguzo moja: Inafaa viazi vikuu na maharagwe marando iwapo ni nyembamba, au pilipili manga iwapo ina gome.

Roshani na vyungu: Wakazi wa vyumba vya kukodi wachague mimea ya msimu mmoja. Minji, maharagwe na matango hutosheka na wavu na ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Mimea ya miaka mingi hujaza chungu mizizi na huhitaji maji kila siku.

Kupanda na kuongoza

Shimo la mmea wa miaka mingi liwe na upana na kina cha sentimita 45 hadi 60, na udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Karibu na nyumba, mche upandwe sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, kwa kuwa ukingo wa paa huzuia mvua na udongo wa hapo hukauka upesi. Kijiti kilicholazwa kuelekea egemeo humwongoza mmea hadi utakaposhika wenyewe.

Kufunga kufanywe kwa kamba laini au vipande vya nguo, kwa mzunguko wa umbo la nane, ili shina lisisuguane na nguzo. Waya mtupu hukata gome shina linaponenepa. Kila baada ya miezi sita vifungo vikaguliwe na kulegezwa.

Matawi huongozwa yakiwa machanga, kwani samaki mkunje angali mbichi. Tawi la bogenvilia likishakuwa gumu huvunjika kabla ya kukubali kupinda. Mmea upogolewe baada ya kutoa maua, na nguzo zikaguliwe kabla ya mvua za masika na za vuli, wakati ambapo kukaza waya au kubadilisha kigingi bado ni kazi ya saa chache.